Mguu Usiouma

Frunze, 18 Septemba 1983

Mjomba Turdakun,

Nakuamkia wewe, namwamkia Mkaza Mjomba Batma, nawaamkia na majirani wote wanaokuja kunywa chai yenu na kubishana nawe mpaka chai inapoa. Mimi ni mzima. Bwenini tuko wasichana wanne kwa birika moja. Saa uliyonipa bado inakwenda, ila kila asubuhi lazima niitikise kama mtoto asiyetaka kuamka. Mkaza Mjomba aliniandikia kwamba mwaka huu mmeshusha kondoo mapema kutoka malishoni, na kwamba umeunguza mguu wa kushoto kwenye jiko la chuma. Unaendeleaje?

Sasa neno lenyewe. Nataka kuacha chuo.

Mwaka huu wa pili tumeanza somo la tishu, yaani namna seli za mwili zinavyojipanga makundi makundi ili zifanye kazi moja. Kila siku tunainama juu ya hadubini. Wenzangu wa mjini wanaona kuta, nyuzi na vyumba, wanachora. Mimi naona supu ya matunda iliyomwagika. Jumanne mwalimu aliniita mbele ya darasa, akaniuliza nilichokiona. Nikasema, "Nyekundu." Mmoja akauliza kwa sauti, "Huyo katoka mlima gani?" Wakacheka wote, hata kijana anayetokea kijiji cha jirani na chetu, ambaye kondoo wao wananuka kuliko wetu.

Mtihani ni tarehe 25 Oktoba. Nikifeli nitaondoka nitake nisitake, kwa hiyo naona heri niondoke kwa hiari yangu. Naweza kufundisha watoto wadogo hapo kijijini. Usinikaripie.

Mpwa wako,
Zuura


Kyzyl-Jar, 2 Oktoba 1983

Zuura, mbwamwitu wangu,

Salamu zako zimefika na tumezigawana. Batma amechukua nyingi kuliko haki yake. Gazeti la wilaya limekataa makala yangu kwa mara ya tatu. Mhariri anasema nina ukali. Nimemjibu kwamba kisu kisicho na ukali kinaitwa kijiko.

Nakuita mbwamwitu kwa sababu unajua. Wazee wetu walisema afadhali mbwamwitu saba waingie zizini kuliko mpwa mmoja aingie nyumbani, maana mtoto wa dada ana haki ya kuomba vitu vitatu kwa mjomba wake, na mjomba hana ruhusa ya kukataa. Ulipokuwa na miaka saba ulimchukua mwanafarasi wangu mweupe. Ulipokwenda Frunze ulichukua saa ya marehemu baba yangu. Limebaki ombi moja, na mimi naishi kwa wasiwasi.

Unasema nisikukaripie. Nitakukaripia. Msichana aliyekua kwenye nyumba ya mgawaji nyama anadai hajui tishu! Miaka ishirini na sita kila kondoo wa karamu hapa kijijini amepita mikononi mwangu. Nimempa kila mtu fungu lake kwa umri na heshima, na sijavunja mfupa hata mmoja, kwa kuwa sisi hatuvunji, tunaachanisha kwenye kiungo. Ulikuwa unatazama. Basi tazama tena.

Nimesoma kitabu chako cha zamani ulichokiacha darini. Tishu ni za aina nne. Ya kwanza ni ya kufunika. Ndiyo ngozi kwa juu, na ndiyo utando laini ulio ndani ya utumbo, ule uliokuwa ukikwangua kabla hatujautia nyama. Seli zake zimebanana bega kwa bega kama wanakijiji kwenye mazishi, hakuna upenyo. Ya pili ni unganishi: kano unazozitafuna mpaka taya zinachoka, gegedu la sikio ulilokuwa ukililia, na mfupa. Ya tatu ni misuli, nayo unaijua kwa tumbo lako. Lakini kumbuka utumbo uliokuwa ukijinyonganyonga kwenye beseni baada ya kondoo kufa, nawe ukapiga yowe. Ule pia ni msuli, wa aina isiyongoja amri. Moyo nao ni wa aina yake, haufanani na paja wala utumbo. Ya nne ni neva, ile kamba nyeupe ninayoivuta kutoka nyuma ya paja, ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuiomba.

Haya, mwambie huyo anayeuliza umetoka mlima gani kwamba umetoka kwenye mlima ambako tishu huliwa.

Mguu usikutie hofu. Nilikuwa nasoma upuuzi wa mhariri, nimeegemeza mguu kwenye jiko, na Batma ndiye aliyesikia harufu ya soksi. Mimi hata sikushtuka. Nimeufunga kwa ngozi mbichi ya kondoo ingali na joto, kama tulivyofanya siku zote. Hauumi hata chembe.

Chuo huachi.

Mjomba wako,
Turdakun


Frunze, 30 Oktoba 1983

Mjomba wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa na afya, na kwamba mkate wa Batma bado unaisha kabla haujapoa. Hapa theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka siku hiyohiyo. Mmoja wa wenzangu chumbani ameposwa. Birika limebaki kwetu.

Nimepata alama nne katika tano.

Mwalimu aliniwekea kioo chini ya hadubini, nikatazama, na safari hii sikuona supu. Niliona wanakijiji bega kwa bega, na chini yao ardhi. Nikasema, "Tishu ya kufunika, ya utumbo." Akauliza, "Mbona haina mshipa wa damu hata mmoja?" Nikamwambia haina kwa sababu inalishwa na tishu unganishi iliyo chini yake, na ardhi ikifa kijiji kinahama. Akacheka, akaniuliza nimejifunza wapi kusema hivyo. Nikasema kwa mgawaji nyama. Lakini umekosea jambo moja, Mjomba. Umeyasahau mafuta ya mkia na damu. Yote mawili ni tishu unganishi. Damu pia! Ni seli zinazoelea, na maji yake ndiyo yanayozishika pamoja. Alama ya tano niliikosa kwa kukufuata wewe.

Sasa nina swali, na naomba usilipige teke. Wiki hii tumesoma neva. Seli moja ya neva huanzia karibu na kiuno na kutoa uzi mmoja mwembamba unaoshuka mpaka kidoleni mguuni. Kazi yake ni kupeleka habari. Unapokanyaga kaa la moto, uzi huo ndio mjumbe. Nikarudia barua yako. Umeniandikia kwamba harufu ya soksi aliisikia Batma. Wewe mwenyewe ulisikia nini?

Nijibu matano tu. Je, kidonda kimefunga? Je, unaamka usiku kwenda haja ndogo, na mara ngapi? Je, Batma akikuziba macho na kukugusa kwa ncha ya sindano kuanzia vidoleni kwenda juu, unaanza kusikia wapi? Je, kiu imezidi? Je, umekonda?

Nasubiri.
Zuura


Kyzyl-Jar, 11 Desemba 1983

Mpwa wangu,

Usihesabu wiki. Njia ya mlimani ya Dolon ilifungwa kwa theluji siku tisa, na siku zilizobaki nilikuwa na shughuli. Batma anakusalimu. Kondoo jike wetu mwekundu ana mimba. Mzee Ormon amefariki, yule aliyekuwa akisema dunia imeharibika tangu redio ilipofika. Tumempa karamu kubwa ya siku arobaini, kondoo kumi na mmoja, nami niligawa wote. Mkwe wake mmoja kutoka Naryn alitaka kukata mfupa wa paja kwa shoka ili uboho utoke haraka. Nikamwambia, "Kijana, weka shoka chini. Ukimvunja kondoo utamkabidhi nani vipande?" Akasema, "Mzee, mbona unamgawia marehemu kana kwamba atarudi kulalamika?" Watu wakacheka, nami nilicheka. Shoka aliliweka chini.

Hongera ya nne. Kuhusu damu nitakwenda kusoma tena, sitaki kushindwa na mtoto kwa kusikia tu.

Maswali yako nimeyaona. Sitayajibu. Nimefundisha historia miaka thelathini na najua swali linalouliza na swali linalovuta kamba. Mwisho wa kamba yako kuna hospitali, na mwisho wa hospitali kuna msumeno. Mama yako alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe na akarudi mabegani mwa watu. Tangu siku hiyo nilisema yanatosha. Nimeandika kuhusu madaktari mara mbili gazetini, na hakuna aliyejibu hoja hata moja. Mtu si kondoo wa karamu, hagawiwi. Anaingia kaburini akiwa mzima, kila kiungo kimeshikana na mwenzake, na kazi ya kugawa nimeijua vya kutosha kujua kwamba sitaki kugawiwa.

Na isitoshe, mguu hauumi. Kitu kisichouma unakitibu nini?

Soma vitabu vyako.
Turdakun

(Kikaratasi kilichokunjwa ndani ya bahasha, kwa penseli)

Zuura mwanangu. Naandika mjomba wako akiwa shuleni. Juzi alivua kiatu, ukadondoka mfupa mdogo wa kifundo cha kondoo, ule wa kuchezea. Ulikuwa ndani tangu asubuhi. Amefundisha vipindi vitano amesimama juu yake. Soksi ilikuwa imelowa damu, akacheka, akasema, "Mfupa umepata mchezaji." Ngozi ya kondoo hataki niifungue, nimeifungua amelala. Kidole kikubwa ni cheusi na cha pili kinaanza. Anamaliza ndoo ya maji mwenyewe. Usimwambie kwamba nimekuambia. Au mwambie. Batma.


Frunze, 26 Desemba 1983

Mjomba,

Nakusalimu. Salamu nyingine nitaziandika siku nyingine.

Nimeambiwa kuhusu mfupa uliokuwa kiatuni. Usimgombeze aliyeniambia.

Umeuliza kitu kisichouma kinatibiwa nini. Nitakujibu kwa kuwa umezoea watu wasiokujibu hoja. Nadhani una kisukari. Sukari haiingii inakotakiwa, inabaki ndani ya damu, na miaka ikipita inaharibu mishipa midogo na kuua neva. Haiziui zote kwa pamoja. Nyuzi ndefu ndizo zinazotangulia, na hakuna uzi mrefu kuliko ule unaofika kidoleni. Mjumbe wako amekufa njiani, na wewe umekaa nyumbani unasema habari ni njema kwa kuwa hakuna aliyekuja.

Huko chini moto umeshaingia. Tishu ya kufunika inataka kufunga kidonda, inatambaa kutoka kingoni kama inavyopaswa, lakini ardhi yake haina damu ya kutosha. Ngozi mbichi ya kondoo imeficha usaha na kuutunzia joto. Ukifika kwenye kano, usaha utapanda nayo kama panya kwenye kamba. Ukifika kwenye mfupa, hapo ndipo huo msumeno wako utakuja kweli. Leo ni vidole. Mwezi wa pili ni mguu mpaka gotini. Mwezi wa tatu sijui kama nitakuwa na mtu wa kumwandikia.

Najua utasoma mpaka hapa kisha utafute kosa. Kwa hiyo naacha kubishana.

Mimi Zuura, mtoto wa dada yako, nimekuja na ombi langu la tatu. Sitaki farasi wala saa. Nataka mguu wako wa kushoto. Ni wangu kuanzia utakapomaliza kusoma mstari huu, na huna ruhusa ya kunikatalia, wewe ambaye umekaa miaka yote ukiwakaripia watu wanaoacha mila zao. Nimeomba ruhusa chuoni. Jumamosi tarehe 14 Januari nitakuwa kwenye mlango wa hospitali ya Naryn. Niletee mali yangu, na mguu wenyewe uje umeshikana na mjomba.

Zuura


Kochkor, 14 Januari 1984

Mjomba,

Nakuandikia kwenye kituo cha mabasi. Dolon imefungwa tangu jana, dereva anasema labda Jumatatu, na Jumatatu ruhusa yangu itakuwa imekwisha. Niliomba lifti kwa lori la mkaa. Tulikwenda kilomita ishirini, wakaturudisha. Hapa tuko abiria thelathini na jiko moja. Kuna bibi anayenilisha jibini kavu na kuniuliza nalia kwa ajili ya mwanamume gani. Nimemwambia kwa ajili ya mjomba wangu. Akasema, "Basi lia, hao hawabadilishiki."

Huenda umekaa mlangoni. Huenda hukwenda kabisa. Vyovyote vile, mimi sikuwepo, na wewe ukitaka sababu ya kurudi nyumbani, hiyo umeipata.

Barua hii nampa dereva.
Zuura


Hospitali, Naryn, 9 Februari 1984

Zuura mwanangu,

Nakuamkia ukiwa bwenini, na naomba uwaamkie wenzako na birika lenu. Batma yuko hapa kwa binamu yake, analeta supu ambayo daktari ameipunguzia kila kitu isipokuwa maji. Kondoo jike mwekundu amezaa pacha. Barua yako ya Kochkor niliipata nikiwa kitandani. Andika jina la huyo bibi wa jibini, nina neno naye.

Tarehe 14 tulifika saa tatu asubuhi kwa lori la shamba. Nikakaa kwenye benchi la mlangoni. Saa sita hujafika. Saa nane watu wakasema Dolon imefungwa. Batma alinitazama, na mimi nilijua anachokiwaza: lori lilikuwa linarudi Kyzyl-Jar saa tisa. Nikasimama. Muuguzi mmoja, mfupi, mwenye sauti ya mnadi, akatoka akauliza, "Mzee, tangu asubuhi unalinda mlango. Umekuja kufanya nini?"

Nilikuwa na jibu zuri kuhusu madaktari, nimelitunza miaka kumi na tano. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimeleta mali ya mpwa wangu."

"Mali gani?"

Nikamwonyesha. Akanishika mkono, akaniingiza ndani.

Daktari wa upasuaji ni kijana, anaitwa Kubat, ana masikio ya popo. Aliniambia kidole kikubwa na cha pili vimeshakufa, havina budi kuondolewa. Nikamwambia, "Kata kwenye kiungo. Usivunje mfupa." Akasema, "Mzee, unanifundisha kazi?" Nikasema, "Kazi hii nimeianza kabla hujaota meno." Akasema, "Kondoo wako walikuwa hawaamki." Nilipoamka alinionyesha. Amekata kwenye kiungo. Safi. Hata mimi nisingeweza kufanya vizuri zaidi, na usimwambie. Sukari nachomwa sindano yake kila asubuhi. Kidonda kinafunga kutoka kingoni, polepole, kama ulivyosema. Mguu umebaki. Vidole Batma alivifunga kitambaa cheupe, akavipeleka kuvizika miguuni pa kaburi la mama yako.

Hapo ndipo ninapokuja.

Niliandika kwamba mama yako alikwenda hospitali kwa miguu yake. Si kweli. Nilimbeba mimi. Ulikuwa na miaka minne, hukumbuki. Alianza kuumwa tumbo upande wa kulia, akilia usiku na mchana. Jirani mmoja alisema twende Naryn. Mimi nikasema wanawake wetu hawaendi kufunuliwa na wageni kwa kuumwa tumbo. Nikamfunga kwa ngozi mbichi ya kondoo. Siku ya tatu maumivu yakakoma, mara moja, kama mtu aliyefunga mlango. Akakaa, akaomba chai. Mimi nilifurahi, Zuura. Nilichinja kondoo wa shukrani nikagawa nyama kijiji kizima. Siku ya tano nilimbeba, na daktari akaniambia kwamba siku ile ya ukimya ndiyo siku utumbo ulipopasuka. Nilimpiga ngumi. Kisha nikaandika gazetini dhidi yake, mara mbili, kwa maneno yoyote ya hasira ambayo mtu anaweza kuyatumia badala ya kulia. Hakujibu. Nilidhani hana hoja. Sasa nadhani alinihurumia.

Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba hauumi, nilijua. Neno lile nililijua. Ndiyo maana sikujibu maswali yako.

Leo najibu. Kidonda hakikuwa kimefunga. Naamka mara sita. Kiu ilizidi. Nilikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya, nikalitoboa kwa kisu cha karamu bila kumwambia mtu.

Na lile la sindano. Batma aliniziba macho asubuhi hii kwa kitambaa chake cha kichwa, wodi nzima ikitazama. Alianza chini. Nilingoja, nikamwambia, "Anza basi." Akasema, "Nimeshachoma mara saba." Akaendelea kupanda. Vidole vinne juu ya kifundo nilisikia, mkali kama nyuki, nikaruka na kumtukana mke wangu mbele ya wagonjwa kumi na wawili. Alikaa chini akalia. Yule muuguzi mfupi akasema, "Hongera, mzee."

Kalamu ya Kubat imechora mstari hapo. Chini ya mstari ni mali yako, haisemi, kwa hiyo kila jioni nitaitazama kwa macho, kidole kwa kidole, kama mchungaji anayehesabu kondoo wa mtu mwingine. Juu ya mstari ni mimi, na panauma.

Mjomba wako,
Turdakun